Mvua Kati ya Minara Miwili

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza madishi ya minara ya simu, kwa hiyo mvua naijua kwa ubaya wake. Minara huzungumza kwa madishi yanayotazamana, na mawimbi yake ya masafa ya juu ni mafupi, hayazidi upana wa ukucha. Matone makubwa huyanyonya na kuyatawanya njiani. Redio ya mama, ile ya mawimbi marefu, haijali. Mvua inamwagika na kwaya inaendelea kuimba.

Mchana ule nilikuwa nyumbani Kalangalala, wingu jeusi likielekea Katoro. Huko mdogo wangu huchimba dhahabu duarani, yaani kwenye shimo refu la wachimbaji wadogo. Maji yakiingia shimoni udongo hulegea, ndiyo maana tulipatana: wingu likikusanyika tu, apande juu, anipigie, aseme ametoka. Simu humwachia mwenzake wa winchi, anayebaki juu kuwavuta kwa kamba, maana chini hakuna mtandao.

Siku ile hakupiga. Nilipopiga mimi, nikaambiwa simu haipatikani. Mara mama naye akanipigia kutoka Kahama, amemtafuta mwanawe hampati.

"Mama, ni mvua tu," nikamwambia. "Inakata mawasiliano ya minara. Ikiisha atapatikana."

Nilisema kwa sauti ya fundi, akatulia. Mimi nikapiga tena, haipatikani. Niliyomweleza yalikuwa kweli, lakini mashine hujibu maneno yaleyale, mnara ukikatika au simu ikizama kwenye matope. Niliuchukia ufundi wangu. Nikaanza hata kuomba mvua isikatike, maana ilimradi inanyesha nilikuwa na sababu ya kuamini yu mzima.

Ikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Jua likawaka juu ya mabati, na kwenye simu ya kazini nikaona mawasiliano ya Katoro yamerudi, hayana kasoro yoyote. Nilikaa nikiogopa kupiga. Mwishowe nikapiga.

Ikaita. Ilipopokelewa nikaanza kumgombeza mdogo wangu kabla hajaongea. Hakuwa yeye. Alikuwa yule mwenzake wa winchi, mtani wangu ambaye hajawahi kuniamkia hata siku moja. Leo akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba. Akaniuliza niko na nani hapo nyumbani.

Nikasema niko peke yangu.

"Basi kaka, muite jirani kwanza," akasema. "Nasubiri, sikati simu."