Viatu Vyenye Unyevu Havitaki Haraka

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu hulala upande kama mtu aliyechoka. Naandika polepole, mstari mmoja kwa muda ambao mwingine angejaza ukurasa. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni vile mnavyodhani nilitaka kusema.

Wanaosimulia kazi zao huwa ni wazee waliostaafu. Mimi nina miaka ishirini na miwili, lakini kazi yangu imekwisha na haitarudi, kwa hiyo nami najihesabu mstaafu. Nilikuwa msafishaji wa viatu vya waendesha baiskeli hapa Tanga. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuondoa harufu.

Siku ya kwanza nilikwenda na bibi yangu, kwa sababu peke yangu nisingefika. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa na haya kiasi kwamba dukani nilikuwa nanyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Fundi alikuwa na baraza yake Ngamiani, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kila mtu alimwita Fundi tu, hata mkewe. Alishona viatu vya watu wote, lakini chama cha waendesha baiskeli kilikuwa kimempa viatu vya mbio vyote avitunze, na hilo ndilo alilojivunia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa kiatu kimoja mkononi, akasema, "Nusa."

Waendeshaji wawili walikuwa wamekaa pale wakinywa kahawa. Mmoja akacheka akasema, "Fundi, mtoto wa watu atazimia. Hicho ni cha Athumani, kinanuka kama pweza wa juzi." Athumani mwenyewe alikuwa ndiye wa pili, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu. Akajibu kuwa pweza wa juzi ndiye aliyewashinda wote Jumapili.

Nikanusa. Fundi akaniuliza kinanuka nini. Nikasema kinanuka.

"Kunuka kila mtu anajua, mwanangu. Nimekuuliza kinanuka nini."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Kiatu kinachonuka uchachu, kama tui lililolala, ni jasho lililoingia kwenye soli ya ndani. Kinachonuka tope kina maji yaliyonaswa mahali, mara nyingi kwenye vidole. Kinachonuka uozo kimekaa na unyevu siku nyingi, na hapo soli ya ndani hutupwa, haioshwi. Fundi alisema jasho lenyewe likiwa bichi halinuki sana. Kinachonuka ni vijidudu vinavyolila jasho hilo mahali penye giza na maji. Ukivinyima maji umemaliza kazi.

Kiatu cha baiskeli si kama raba. Chini yake ni kigumu kama ubao, na pale mbele kuna kipande cha plastiki kinachonasa kwenye pedali ili mguu usiteleze. Kipande hicho waendeshaji wanakiita kliti. Ngozi ya juu na ule ugumu wa chini vimeshikwa kwa gundi. Kwa hiyo hakichemshwi, hakianikwi kwenye jua la saa sita, wala hakisogezwi karibu na moto.

Kazi tuliifanya hivi. Tunatoa soli ya ndani na kulegeza mikanda yote, kiatu kinafunguka mdomo. Tunasugua ndani kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha tunasuuza. Baadaye tunapitisha kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji. Halafu tunajaza magazeti, na hapa ndipo vijana wengi wanapokosea: gazeti halikai mpaka kesho. Baada ya saa moja limeshiba maji, ukiliacha linayarudisha kiatuni. Tulibadilisha mara nne, mara tano. Kisha kiatu kinatundikwa kivulini penye upepo, kisigino juu. Kikikauka kabisa ndipo tunanyunyiza magadi ya kuumulia, tunayaacha yanyonye kilichobaki, halafu tunayakung'uta. Kujua kama kimekauka, Fundi aliingiza mkono mpaka kwenye vidole akatulia hivyo akihesabu kumi. Baridi ikija, bado.

Hilo neno "bado" lilikuwa ndilo mamlaka yake yote. Katibu wa chama, mtu mkubwa wa umbo na mwenye sauti, angesimama pale akidai viatu, na Fundi bila kuinua macho angesema bado, na Katibu angeondoka. Nilikuwa nikimwangalia nikishangaa mtu anawezaje kusema hivyo bila kutetemeka.

Mwaka wa pili nilipangiwa kambi ya Amani, kwa wiki tatu, waendeshaji walipokwenda kuzoea milima. Nilikaa kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Amani ukungu hauondoki, shati ukilianika asubuhi jioni ni lile lile. Msimamizi wa kambi alikuwa mama mmoja wa Kisambaa, mkali lakini mwenye huruma, na yeye ndiye aliyenifundisha kutia mkaa mkavu usiowashwa ndani ya soksi kuukuu na kuuingiza kiatuni. Mkaa unavuta maji na harufu pamoja. Niliporudi nikamweleza Fundi kwa sauti ndogo. Akaujaribu, akawaambia waendeshaji wote kuwa sasa ana mwalimu. Sikulala kwa furaha.

Sasa naja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa siku moja ya masika, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kesho yake palikuwa na mbio za kutoka Tanga mpaka Pangani, na kutokana na mbio zile chama kingechagua mtu mmoja wa kwenda kushindana mbali. Kila mtu alijua atakuwa Athumani. Asubuhi alileta viatu vimelowa chapachapa, amefanya mazoezi kwenye mvua. Fundi akaviosha mwenyewe, akajaza magazeti. Adhuhuri ikaja habari kwamba ndugu yake Fundi amefariki Pangani, naye ilimpasa awahi mazishi. Akiwa anavaa kanzu aliniambia, "Visipokauka usivitoe. Mwambie avae vile vyake vya zamani."

Nikabadilisha magazeti mara sita. Nikatia mkaa. Mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Alasiri ilipokaribia nikaingiza mkono, nikahesabu kumi, kukawa baridi. Na harufu ya tope ilikuwa bado ipo. Ndipo Katibu akaja. Akasema kesho kutakuwa na wageni wakubwa, Athumani atapigwa picha nao, na kama viatu vitanuka hata kidogo basi yeye atatafuta mtu mwingine wa kuvitunza, Fundi amezeeka. Akasema anakwenda msikitini kuswali na mahali pengine pawili, atarudi kabla ya magharibi.

Ilinibidi niseme neno moja tu. Nililifungulia mdomo. Likanishinda.

Akaondoka, nikabaki naangalia viatu. Kwetu, kama kwa watu wote wa pwani, nguo ya kumpokelea mgeni hufukizwa. Bibi yangu hutia makaa na udi kwenye chetezo, hukifunika kwa tenga la ukindu, na nguo huzitandaza juu ya tenga. Zinatoka kavu, zina joto, na zinanukia. Nimelifanya hilo tangu mdogo. Nikakimbia nyumbani, nikaleta chetezo na tenga. Makaa nikayaweka mengi kuliko ya nguo, kwa sababu kiatu ni kizito. Nikaviweka viatu juu, nyayo chini.

Vilikauka. Nilipoingiza mkono palikuwa na joto zuri, na harufu ya tope haikuwepo tena, udi mtupu. Katibu alipovipokea alivinusa akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema, "Kumbe mnaweza." Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Athumani alianguka Tongoni. Aliyekuwa nyuma yake alisema waliinuka wote kwenye pedali kukimbizana, na mguu wa Athumani ukatoka na kiatu, lakini sehemu ya chini ya kiatu ikabaki imenasa kwenye pedali. Gundi ilikuwa imelegea. Alivunjika mtulinga na mfupa wa bega. Fundi alikuwa amezika jana yake, na asubuhi ile alisimama kando ya barabara Pangani ili ampigie makofi. Aliwaona wakifika mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Kesho yake Katibu akaja barazani na kile kiatu, soli inaning'inia, na watu kama kumi nyuma yake. Fundi akakipokea. Akakigeuza, akakileta puani kama alivyoleta viatu vyote. Akakaa nacho pale kwa muda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Nilivipasha moto mimi kabla sijaondoka. Nilikuwa na haraka ya msiba."

Katibu akamwambia maneno mengi ambayo sitayaandika. La mwisho lilikuwa kwamba mikono yake imekufa na hajijui. Siku ile ile chama kikachukua viatu vyake vyote.

Walipoondoka nikalia. Nikataka kumwita Katibu, nikaishia kizingitini. Fundi akanisogezea kigoda, akasema, "Mwanahawa, mimi nimeshamaliza kusemwa. Wewe ndiyo kwanza unaanza kuishi. Ipo siku utalisema mwenyewe, leo hata sauti huna."

Tukabaki na viatu vya kawaida vya watu. Wapita njia walikuwa na mzaha wao, wakisema mpelekeeni Fundi awapashie. Naye alicheka nao. Kila Ijumaa baada ya swala alifunga baraza mapema, na hakunieleza anakwenda wapi. Nilidhani anakwenda kwa bintiye.

Baada ya miezi mitatu nikajikaza nikaenda kwa kina Athumani. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Mama yake akanipokea vizuri, akaniletea chai na kaimati. Athumani alikuwa amekaa, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, bega lake moja limekuwa chini kuliko jingine, na nilijua kwa kuliona kuwa hatashindana tena. Mama akaniambia, "Fundi wako ni mtu, wallahi. Ijumaa zote yupo hapa anamkanda mwanangu bega, anaomba radhi kwa mkono wake." Athumani aliniangalia akaniuliza kama nina neno. Nikasema nimekuja kuwajulia hali. Nikanywa chai yote, nikaenda zangu.

Fundi alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua. Kwenye hitima nilikuwa jikoni na kina mama tunapakua, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, masikini mzee wa watu, miaka yote hiyo ya ufundi na mwisho aliangusha mtoto wa watu kwa uzembe. Mwenzake akasema ndiyo uzee. Niliweka upawa chini, nikatoka hivyo hivyo na mikono yenye mafuta mpaka kwa kina Athumani.

Nilimwambia akiwa amesimama mlangoni. Nilimwambia yote, makaa, udi, tenga, na Katibu. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nilijua. Pale nilipoanguka kiatu kilikuwa karibu na uso wangu, kinanukia udi. Fundi hajawahi kunipa kiatu kinachonukia kitu. Kiatu chake kilikuwa hakina harufu yoyote."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Fundi alinikataza. Alisema usisukumwe, utakuja. Kila Ijumaa tulikuwa tunakungoja. Siku ile uliyokuja ukanywa chai, nilimweleza jioni. Alifurahi kweli. Akasema safari ijayo atasema."

Safari ile ijayo nilifika akiwa ameshazikwa.

Sasa nakaa nyumbani na bibi, tunapika vitumbua vya asubuhi. Mke wa Fundi alinipa ile miswaki ya kusugulia, nami sijaweza kuitumia. Ninyi mnaoanza kazi hii, dawa za harufu mnaweza kuzipata kwa yeyote: siki, magadi, mkaa, magazeti ya kubadilisha. Mimi nilizijua zote. Sikuweza kumwambia mtu mzima mwenye haraka kwamba kiatu bado kina maji, na kwa ajili hiyo kijana mmoja hainui mkono wake juu ya kichwa, na mzee mmoja alikufa akiitwa mzembe. Jifunzeni hilo kabla ya siki.

Katibu nilimwendea na bibi, nikamwambia mbele yake. Aliinamisha kichwa. Aliniahidi atawaeleza wanachama, sijui kama alifanya hivyo. Lakini wale watu kumi waliokuja nyuma yake barazani siwajui majina, wala wale wa jikoni, wala waliopita njiani wakicheka. Wengine huenda wameshahama. Ndiyo maana nimeandika, kwa sababu karatasi inafika nisipofika. Kama ulikuwa mmoja wao, au kama uliwahi kusikia kuwa Fundi wa Ngamiani aliunguza kiatu na ukamsimulia mwingine, tafadhali niandikie. Usiandike mengi. Niambie tu kwamba umesoma, na kwamba yule uliyemsimulia umemrudia.