Baiskeli Ishirini na Tatu Nje ya Maboksi

Siku ile walikuwepo hawa. Alikuwepo tajiri mwenye duka la baiskeli, ameketi nyuma ya kaunta na daftari lake. Alikuwepo fundi wake wa kuunga baiskeli, mzee wa Misunkumilo, amepiga goti kwenye turubai mbele ya duka, pamoja na wanawe wawili ambao nao walikuwa watu wazima wenye familia. Walikuwepo wanaume ishirini na watatu waliokuja kununua, kumi na saba kutoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi na sita kutoka Kasokola. Alikuwepo mama muuza karanga ng'ambo ya barabara. Na kando yake, juu ya ndoo iliyofunikwa kichwa chini, nilikuwepo mimi. Nawataja wote kwa sababu baadaye tajiri alizunguka Mpanda nzima akisema nilimletea wahuni dukani. Hakukuwa na mhuni hata mmoja. Walikuwa wakulima wenye hela zao za tumbaku mfukoni.

Chanzo chake ni cha mwaka mmoja nyuma. Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kwetu. Mama alitangulia, baba akafuata kabla hata hatujamaliza kulipia jeneza la mama. Nilikuwa darasa la sita. Siku ya tatu baada ya msiba nilimrudishia mwalimu vitabu vya shule, kisha nikaenda kununua mihogo ya kukaanga na kuuza, kwa sababu nyuma yangu walikuwepo watatu na wote walikuwa wanakula. Nilikaanga mihogo miaka saba. Halafu tajiri akafungua duka.

Baiskeli zake zilikuja kwa treni kutoka Tabora, kila moja imelala vipande vipande ndani ya boksi. Alitafuta watu wa kumletea wateja kutoka vijijini, akatuita mawakala. Kila wakala alipewa vikaratasi vyenye mhuri wa duka. Vyangu nilivichorea mistari mitatu ya kalamu kwenye kona. Mteja akinunua anaacha kikaratasi dukani, na kila kikaratasi ni shilingi elfu mbili ya kamisheni, italipwa msimu ukiisha. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na mdomo. Nilikubali.

Nilikwenda Kasokola, na siku za soko nilikwenda makazini. Mara moja nilipanda lori mpaka Inyonga nikarudi bure, maana wakala mwingine alikuwa amenitangulia. Mawakala wenzangu walikuwa wanaume, nao walikuwa wanazungumza na wanaume kilabuni. Mimi nilikwenda kwa wake zao. Nilikaa nao kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, nikawasaidia kufunga majani kwenye vijiti, tukahesabu pamoja ni safari ngapi za kubeba maji na mahindi kichwani zingeisha kama baiskeli ingekuwepo nyumbani. Mwanamume akija jioni anakuta shauri limekwisha kukatwa. Msimu ule watu thelathini na wanne walinunua kwa mkono wangu. Nilikuwa nawajua wote kwa sura, na wengi kwa majina ya watoto wao.

Mwaka huohuo mdogo wangu anayenifuata alimaliza darasa la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Karatasi ya shule ilitaka ada, godoro, sanduku la bati, sare mbili, jembe na fyekeo, na ilitaka aripoti Januari. Niliipigia hesabu usiku na mchana. Kamisheni yangu ilikuwa inatosha, na ilikuwa inabaki nauli.

Kwa tajiri nilikuwa nimeanza kwenda mwezi wa tisa. Akasema ngoja mzigo uishe. Mzigo ukaisha. Mwezi wa kumi na moja akasema kamisheni hailipwi mpaka wakala afikishe wateja hamsini, sharti ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Mwezi wa kumi na mbili hamsini ilisahauliwa, sasa ilikuwa lazima mwenye mali aliyeko Tabora, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia, athibitishe. Wiki ya mwisho ya kuripoti nilimpeleka mdogo wangu mwenyewe, nikamsimamisha mbele ya kaunta na ile karatasi ya shule mkononi, nikidhani aibu itamfanyia kazi. Tajiri akafungua daftari.

"Wako ni saba, binti."

Nikamwambia ni thelathini na wanne.

"Saba. Wengine wote walikuja wenyewe. Niliwauliza mmoja mmoja, na wamesema kwa vinywa vyao. Kikaratasi mtu anaweza kuokota njiani. Na za hao saba nitakulipa ukifikisha hamsini."

Niliona herufi zake. Mstari kwa mstari: mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe. Mdogo wangu alizikunja pembe za karatasi yake, akazikunjua, akazikunja tena. Nafasi yake ilipewa mtoto mwingine kabla ya mwezi kuisha. Mwalimu aliyetuletea habari alisema sheria ndiyo hiyo, asiyeripoti amekataa.

Kwa wiki kadhaa niliwachukia wateja wangu kuliko nilivyomchukia tajiri. Nilidhani wamenikana. Ni yule fundi aliyenifungua macho. Nilikuwa nimerudi kukaanga mihogo, naye alikuja kununua, akala amesimama, akaniuliza kama naamini yale maneno ya daftari. Nikasema nimeyaona.

"Umeyaona, hujayasikia," akasema. "Mimi niko pale nje kila siku, nasikia. Kwanza anapokea kikaratasi, anakificha chini ya daftari. Halafu anakunja uso, anashika kalamu, anauliza kwa sauti ya serikali: nani amekutuma hapa? Hao watu wa makazini, mwanangu, ukiwauliza hivyo watakujibu nini?"

Nilikwenda makazini soko lililofuata. Mteja wangu wa kwanza kabisa, mzee aliyekuwa amekwisha kubeba magunia ya msimu mzima kwa baiskeli ile, aliposikia nilichonyimwa alijishika mdomo. Enzi zile hawakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali, na kwenye vizuizi vya barabarani waliulizwa wanakwenda wapi, kwa nani, nani amewaita. Walikuwa wamejifunza jibu moja lisilomletea mtu balaa.

"Nilisema nimekuja mwenyewe," akaniambia. "Mtu mwenye kalamu akikuuliza nani amekutuma, wewe unamtaja binti wa watu ili akamatwe? Tulikuwa tunakuficha."

Walikuwa wananificha, wote ishirini na saba. Wale saba waliohesabiwa walikuwa wa Kasokola, ambao hawakuwahi kuulizwa kibali na mtu. Tajiri alilijua hilo. Alilijua vizuri kiasi cha kujizoeza ile sauti.

Kuanzia siku hiyo sikukasirika tena. Nilipanga. Nilingoja tangu Februari mpaka tumbaku ilipolipwa, na kila soko niliendelea kutafuta wateja kama kawaida, ila safari hii nilikuwa nawaeleza mambo mawili. La kwanza ni jibu la kumpa mtu mwenye kalamu. La pili ni siku ya kuja, wote siku moja. Nilikwenda pia kwa mwenye duka lingine karibu na stesheni, ambaye alikuwa na baiskeli zilezile nyeusi za Kichina ila hakuwa na wateja. Tukaelewana: kamisheni mkononi, baiskeli ikitoka mlangoni.

Anayeijua Mpanda ya miaka ile ataelewa nilipolenga. Hakuna mtu aliyekuwa ananunua baiskeli mpya bila kuiona kwa macho yake ikitoka kwenye boksi. Ukiikuta imekwisha kuungwa, hata kama inang'aa, kwako hiyo ni baiskeli ya mtu. Utauliza ilikuwa ya nani, ameirudisha kwa nini, imeanguka wapi. Kwa hiyo tajiri alikuwa na utaratibu wake: mteja anachagua boksi, fundi anafungua na kuunga, mteja anaijaribu mpaka kanisani na kurudi, ndipo anaingia kaunta kulipa. Fundi naye alikuwa analipwa kwa baiskeli iliyouzwa. Hilo nalo nililijua. Na sikumwambia fundi neno, kwa sababu angefanya kazi kwa mkono mzito na tajiri angeshtuka.

Basi wakaja. Tajiri alivyowaona ishirini na watatu kwa mkupuo alitoka nje akiwapa mikono, akaagiza soda, akamhimiza fundi. Maboksi yakapasuliwa. Fundi na wanawe walikaza spoku, wakavalisha matairi, wakafunga breki bila kunyanyua kichwa tangu asubuhi mpaka saa kumi. Wanaume wakapanda, wakaenda kanisani, wakarudi, wakasema hii ni nzuri, wakasema hii kengele yake tamu. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikala karanga.

Wa kwanza kuingia kaunta alikuwa kijana mrefu wa makazini. Tajiri akakunja uso, akauliza swali lake. Yule akasimama wima.

"Nimetumwa na dada yule pale ng'ambo," akasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Amesema baiskeli ni nzuri, ila nisilipe mpaka alipwe yeye za mwaka jana."

Tajiri alicheka, akamwita mwingine. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akaongeza kwamba hata yeye mwenyewe ameona breki ni nzuri sana. Kufika wa sita tajiri alikuwa ameacha kuuliza. Akavuka barabara.

"Binti, unataka nini?"

"Thelathini na nne, tajiri. Ukilipa sasa hivi, hawa wote wanalipa sasa hivi."

Alitazama nyuma, baiskeli zimepangwa kwenye ukuta kama watu wanaosubiri daktari. Naamini alipiga hesabu na akaona kulipa ni nafuu. Lakini mawakala wengine wangesikia kabla ya jua kuzama, nao walikuwa wanamdai kama mimi.

"Nitalala nazo," akasema.

"Kalale nazo."

Mama wa karanga akamwambia, "Baba, baiskeli ishirini na tatu kitanda kimoja, mtalala mzungu wa nne." Watu wakacheka. Tajiri akarudi dukani. Wanaume wangu wakashuka kwa mstari kuelekea stesheni, na mimi nikanyanyuka kuwafuata. Nikiwa naokota ndoo yangu nilimsikia tajiri akimwambia fundi kwamba hakuna baiskeli iliyouzwa, kwa hiyo hakuna malipo. Nilisikia kila neno. Sikugeuka, nilikuwa nawahi kamisheni yangu.

Baiskeli zile zilimwoza mkononi. Watu waliingia, wakazipapasa, wakauliza boksi liko wapi. Alijaribu kuwafanya vibarua wazifungue na kuzirudisha kwenye maboksi yaliyopasuka, lakini alama za grisi zilikuwa kila mahali, na habari ilikuwa imekwisha kufika mpaka kwa watoto, ambao walikuwa wanapita wakiziita baiskeli za marehemu. Aliziuza kwa hasara, moja baada ya nyingine. Kabla ya masika ya pili alifunga duka. Siku aliyoondoka nilikwenda stesheni nimevaa gauni langu zuri, nikasimama mahali ambapo dirisha lake lingepita. Nilitaka sura ya mwisho anayoiona Mpanda iwe yangu. Aliniona.

Kwa hela niliyolipwa stesheni nilimpeleka mdogo wangu chuo cha ushonaji cha misheni. Haikuwa sekondari. Siku namkabidhi risiti aliitazama, akaniuliza kwa upole tu, "Dada, na fundi je?" Nikamwambia ashike sindano yake vizuri.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata hela ya ujira wa baiskeli ishirini na tatu. Nilimkuta fundi Inyonga, alikohamia kutengeneza baiskeli za warina asali. Niliweka hela chini mbele yake nikamwambia kwamba nilijua, tangu mwanzo nilijua hatalipwa, na nilinyamaza. Hakushangaa. Aliigawa mafungu mawili kwa kidole, akavuta moja, lingine akalisukuma kwangu.

"Hii ni deni lako, la kuninyamazia," akasema. "Hiyo nyingine ni deni la yule bwana. Ukinilipa wewe, utakuwa umemsamehe kwa niaba yangu. Mimi sijamsamehe."

Nilimsihi. Akakataa, na mpaka leo amekataa, ingawa macho yake sasa hayaoni spoku na wanawe ndio wanaomlisha. Kila Krismasi nampelekea lile fungu, kila Krismasi analirudisha.

Mwaka huu kondakta mmoja wa treni aliniambia tajiri anauza saruji Tabora, anatembea kwa mkongojo. Nilimpelekea fundi habari hizo. Hakuuliza hali yake. Aliuliza duka liko mtaa gani, na kama pale kuna kivuli cha watu wawili kukaa. Tumekubaliana twende mahindi yakishaingia ndani. Yeye anadai ujira wa baiskeli kumi na moja na nusu. Mimi nadai thelathini na nne.