Kengele Nyuma ya Ubao

Mimi nachonga funguo, na subira sina. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nataka kujipamba. Mashine yangu hulia kutwa nzima, chuma kwa chuma, hadi wateja wanaziba masikio. Pamoja na hayo, mtu niliyekuwa nikimgombeza kwa kelele zake ni jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye kati yangu na yeye palikuwa na ubao tu, tena mwembamba.

Watu walimwita Bwana Kimya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza rimoti za gemu, zile za kushika kwa mikono miwili, zenye vifimbo vya kusukuma kwa dole gumba. Alikuwa na makopo ya skrubu, chupa ya spiriti, mswaki wa kuondolea uchafu, na televisheni ya kujaribia kazi. Mteja akiingia alipewa salamu moja na "acha hapo, njoo kesho," basi. Lakini mimi upande wangu nilimsikia akiongea tangu asubuhi. "Umeamka tena wewe? Huchoki? Haya, njoo." Nikadhani ana mgeni. Siku moja nikachungulia, nikamkuta anaongea na televisheni.

"Ingia, usisimame mlangoni kama mdai," akasema. Nikakaa kwenye stuli ya wateja. Alikuwa na rimoti mbili, moja kila paja.

"Unamsemesha nani?"

"Huyu mlinzi wa lango. Nimeshamuua mara elfu." Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kwenye kioo palikuwa na watu wawili wadogo, mmoja wa bluu na mmoja wa njano, na juu yao mistari miwili myekundu. "Huo mstari ndio uhai. Ukipigwa unapungua. Ukitaka kuujaza, unarudi langoni unapumzika. Ila ukipumzika wewe, na wao wote uliowaua wanaamka."

"Wote?"

"Wote. Na mahali palepale."

"Sasa faida iko wapi?"

"Faida ni kwamba unajua nani atakuwepo."

Nilicheka, naye akacheka, na hapo ndipo nilipogundua ana pengo upande wa kushoto. Kwa miaka mitatu ya ujirani sikuwahi kuliona.

Gemu yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Mmoja akiishiwa uhai hafi palepale. Anaanguka, na kengele inaanza kulia. Mwenzake ana dakika mbili za kumfikia, kusimama karibu naye na kubonyeza kitufe kwa sekunde tano bila kuachia. Kengele inanyamaza, yule wa chini anainuka na uhai nusu. Asipofikiwa, wote wanarudishwa langoni kuanza upya, na mlinzi naye yuko mzima akiwangoja. Bwana Kimya aliinunua zamani acheze na binti yake. Binti akaolewa mbali. Basi yeye akawa anacheza kote kuwili: wa bluu kwa mkono wa kushoto, wa njano kwa mkono wa kulia. Wa bluu akianguka, mkono wa kulia unakwenda kumwamsha.

"Hebu nishikie hii, jirani," akaniambia, akininyooshea ile ya kulia. "Sekunde tano tu."

"Mimi nina kazi. Utoto huo sina."

Akairudisha rimoti kwenye paja lake.

Tangu siku hiyo ile kengele nikaijua, na kuijua ndiko kulikoniudhi zaidi. Ngo-ngo-ngo, halafu sekunde chache, kimya. Mzee kajiamsha. Baada ya robo saa, ngo-ngo-ngo, kimya. Nikiwa na mteja nagonga ubao kwa nyundo, kengele inapungua, mteja akiondoka inapanda. Tukaishi hivyo, kama mke na mume waliochokana ambao hata hawakuoana.

Hadi siku ile mteja wangu mmoja alipokasirika, akasema hasikii namweleza nini, akachukua ufunguo wake akaenda zake. Nikatoka mbio hadi kwa Bwana Kimya. Nilisema mengi. Nilimwambia mzee mzima anacheza na vikatuni. Nikamwambia: "Unajiamsha mwenyewe kwa sababu hakuna mtu wa kukuamsha!"

Alikuwa anafunga skrubu. Hakuinua kichwa. "Na wewe," akasema taratibu, "kutwa unachonga funguo za watu, na kwako hakuna mtu wa kukufungulia."

Jamani. Na ni kweli: nyumbani kwangu nafunga mimi, nafungua mimi, na nikiacha kikombe mezani asubuhi nakikuta jioni kimegeukia kulekule. Nilirudi dukani kwangu nikakaa, nikaharibu funguo mbili.

Tukanuniana siku tisa. Hakuna salamu. Akipita natazama ukutani, nikipita anatazama skrubu zake. Kengele nayo ilipanda sauti, nikajua ananikomoa.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, jua limeshaingia hadi kwenye kizingiti, nikasikia kishindo kidogo, kama kopo limeanguka. Sikujali. Halafu kengele. Nikasubiri inyamaze kama kawaida yake, haikunyamaza. Ililia dakika zake mbili zote. Ikakatika, kidogo mlinzi akanguruma, kengele ikaanza tena.

Nikasema, loo, leo kaamua. Nikawasha redio. Kengele ya tatu ikapenya, nikaongeza sauti ya redio hadi mwisho. Ya nne, nikawasha na mashine, bila ufunguo wowote ndani, ijilie tu. Nilikuwa nahesabu. Hasira ina hesabu kali. Ilipofika ya saba nikazima kila kitu, nikatoka kwenda kumtukana. Matusi nilikuwa nimeshayapanga, la kwanza hadi la mwisho.

Nilimkuta chini, amelala ubavu kati ya meza na stuli, makopo yamemwagika. Mdomo umekwenda upande. Macho yalikuwa wazi, yananitazama. Juu ya meza, kwenye kioo, wa bluu amelala, wa njano amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, mikono imening'inia, hamsogelei.

Nilipiga kelele, watu wakaja, tukambeba. Hospitali wakasema kiharusi. Daktari akamweleza binti yake, aliyefika kesho yake bado na vumbi la safari, kwamba mgonjwa ataishi, ila mkono wa kulia usitegemewe sana. Akasema mambo haya ni ya kuwahi. Binti akanigeukia. "Shangazi, ulijuaje?"

"Nilisikia kishindo," nikasema, "nikakimbia."

Akanikumbatia. Alilia begani kwangu, ananishukuru, anasema baba yake kapata jirani wa kweli. Nami nikasimama pale nikishukuriwa. Sikumwuliza daktari kama ile robo saa ndiyo iliyouchukua mkono. Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza mara tatu, na mara tatu nikamwacha apite. Mpaka leo sijui, na naogopa kujua.

Miezi miwili chumba cha pili kilifungwa. Nilikuwa nimeutaka ukimya ule kwa miaka, ukaja wote kwa pamoja. Nilikuwa nazima mashine katikati ya kazi, nasikiliza ubao. Mteja akiniuliza kuna nini, namjibu vibaya. Niliwahi kuugonga ule ubao kwa nyundo, mara mbili, kama kawaida yangu. Halafu nikajionea aibu.

Kisha asubuhi moja nikasikia kufuli ikifunguliwa. Binti alitaka kumchukua akaishi kwao, mzee akakataa. Akarudi na fimbo, mkono wa kulia umelazwa tumboni. Nilimsikia akivuta kiti. Televisheni ikawaka. Mlinzi akanguruma. "Umeamka?" akasema Bwana Kimya, ulimi mzito. "Na mimi nimeamka."

Kengele ikaanza kulia. Nikashika meza. Sekunde tano, kumi, ishirini. Alikuwa na mkono mmoja na rimoti mbili.

Nikaenda. Nilisimama mlangoni, naye hakunitazama, alikuwa anatazama wa bluu wake pale chini.

"Siku ile," akasema, "kengele ililia mara ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Binti yake anaamini nilikimbia palepale, jengo zima linaamini hivyo. Kengele ilikuwa bado inalia.

"Saba," nikasema.

"Nane," akasema. "Na mashine yako ilikuwa inazunguka bure. Haikuwa na ufunguo. Mlio wake naujua."

Alikuwa macho muda wote. Alilala pale sakafuni akaisikia redio ikipanda. Nilianza kulia kama mtoto, nikasema nisamehe, nilikuwa na hasira, nisamehe, na hakuna neno lililofaa hata moja.

Hakusema amenisamehe. Kengele ikafika mwisho wake, wakarudishwa langoni, maadui wote wakaamka mahali pao. Mlinzi akaja, wa bluu akaanguka, kengele ikaanza upya. Bwana Kimya akaisukuma rimoti ya kulia kwa kiwiko, hadi ukingoni mwa meza, upande wa stuli.

Nikakaa. Nikauliza kitufe ni kipi. Akanionyesha kwa kidevu. Nikamtembeza wa njano, hatua mbili zile, nikabonyeza, na sikuachia hadi kengele iliponyamaza.