Risasi Mbili za Mlangoni

Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi, na kila Jumamosi alikwenda kuwinda kanga porini, upande wa Kasaji. Akirudi, hakuvuka mlango kabla ya kuifungua bunduki katikati, kutoa risasi mbili na kuchungulia mitutu yote miwili mpaka aone mwanga. Kisha alimkabidhi mama zile risasi kiganjani, naye akazificha kwenye kopo jikoni. Bunduki ilikaa kwa baba. Mimi niliona ni sherehe ya bure, njaa inaniuma.

“Mutu moja asikamate byote bibili,” baba alisema kila mara, yaani bunduki na risasi.

Sasa wote wawili wamezikwa, na nyumba ni yangu, na bunduki pia. Jumamosi iliyopita nilirudi na kanga mmoja. Mlangoni nikaifungua bunduki, nikatoa risasi, nikachungulia mitutu, nikanyoosha mkono kuelekea jikoni. Nilisimama hivyo kama mjinga.

Bunduki nikaifungia chumbani, risasi nikampelekea mama jirani, anayeuza makaa, nikamwomba anitunzie. Alizitazama, akanitazama.

“Kwako hakuna mutu?”

Nikamwambia hakuna.