Kiboksi Chini ya Kiti

Niliingia Arusha kwa pikipiki kutoka Songea. Nilipita Njombe kwenye ukungu, nikalala Iringa, nikavuka Dodoma uso umejaa vumbi. Nilipofika Minjingu na kushuka kunywa chai, magoti yalikataa kunyooka. Nimeishi miji mingi, na kila mmoja naukumbuka kwa kitu chake. Arusha naikumbuka kwa wivu.

Nilipanga chumba Kijenge. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa dereva wa watalii, naye alikuwa na pikipiki aina ileile ya kwangu. Yake ilikuwa na ekzosi nene na chujio la hewa la wazi, ikiwashwa inanguruma taratibu kama mtu anayesafisha koo. Yangu ilikuwa kama cherehani. Hilo lisingenisumbua kama si mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Kwa Mrombo. Jumapili baada ya ibada alipenda kupanda nyuma yangu tukapunge upepo, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba huenda safari zangu zimeishia kwake. Siku moja jirani alipita karibu yetu, mama wa vitenge akageuza shingo.

"Hiyo inaongea," alisema.

Wiki hazikupita nyingi nikafunga ekzosi na chujio kama vyake. Jirani akaja kukagua, mikono nyuma.

"Na kiboksi cha kuongeza mafuta umeweka?"

"Cha nini? Ekzosi na chujio vinaongeza hewa. Huku mlimani hewa ni nyepesi, inapungua. Kilichoongezeka na kilichopungua vimemalizana."

Alicheka. "Hayo ni mambo ya kabureta, kaka. Hii ina kompyuta. Huu mlima iliuona tangu unapita Makuyuni, ikapunguza petroli yenyewe. Sasa wewe umeiongezea hewa, petroli ni ileile ndogo. Itakuunguza."

Nilijifunzia pikipiki za kabureta, na kwa hizo hesabu yangu ilikuwa sawa. Ila sikubishana naye kwa sababu ya hesabu. Nilibishana kwa sababu ni yeye aliyesema.

Jumapili iliyofuata nilimchukua mama wa vitenge tukapanda kuelekea Oldonyo Sambu. Kwenye mlima pikipiki ikawa nzito, inakohoa. Kwenye mteremko, nikiachia mafuta, ekzosi ikapiga: paa! paa! Punda waliobeba maji wakatawanyika, madumu yakaanguka, na mzee mwenye punda akatutolea Kimaasai ambacho hakikuhitaji mkalimani.

"Shikamoo, mzee, samahani!" mama wa vitenge alimpigia kelele. Kisha kwangu: "Simamisha! Mguu unaungua!"

Tukasimama. Injini ilitoa joto kama jiko la mkaa. Ndipo jirani akatokea, anarudi kutoka Longido, mtulivu kama mtu anayekwenda benki.

"Shemeji, panda huku. Huyo anakaanga chipsi."

Mama wa vitenge alicheka, akapanda. Na hapo nikaona jambo ambalo hadi leo linanichoma. Nyuma yangu, siku zote, alishika chuma cha keria. Nyuma ya jirani alimshika kiuno kwa mikono yote miwili.

Kesho yake jirani alinigongea mlango. Alikuwa na kiboksi mkononi. "Mgeni mmoja kaniachia kipya. Chukua hiki changu cha zamani." Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Nilikifunga chini ya kiti, nikabana waya zake, nikawasha. Kukohoa kuliisha. Ilivuta mlima kama imesahau kuwa ni mlima.

Nilikwenda Kwa Mrombo mbio. Mama wa vitenge akapanda, tukazunguka hadi Themi.

"Imetulia sasa," alisema.

"Basi shika vizuri."

"Nimeshika."

Nilitazama kwenye kioo. Alikuwa ameshika keria.

Baada ya hapo sikuona sababu ya kubaki Arusha. Siku niliyohama nilifunga begi mapema. Nikafungua kiti, nikachomoa kiboksi, nikakiweka juu ya tofali mlangoni kwa jirani, ambaye alikuwa porini na wageni. Nilijua vizuri kwamba pikipiki inakihitaji. Nikiulizwa hata leo nitasema ukibadilisha ekzosi na chujio, weka kiboksi. Lakini sikuweza kuvuka nchi nimekalia kitu chake.

Nilipitia Kwa Mrombo. Mama wa vitenge alikuwa anamkunjia mteja kitenge. Niliachia mafuta mbele ya meza yake: paa! Aliinua kichwa, akaziba masikio, akacheka, akarudi kwa mteja. Hakujua kwamba ninaondoka, na mimi sikusimama kumwambia. Nilishika njia ya Makuyuni, inakohoa, miguu inaungua, keria tupu nyuma yangu.