Jumapili Nilipowatafsiria Watu Majitu

Kwa mwaka mzima na nusu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za kidato cha nne, kwamba ile katuni ya majitu imetengenezewa mwisho tofauti kwa kila nchi. Msicheke bado, mtachoka mapema. Aliyeniambia ni Majaliwa, tuliyekaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni ya watu wazima hapa Kasulu, na Majaliwa alikuwa dereva wa bodaboda, na dereva wa bodaboda hujua mambo kabla hata wahusika hawajayajua. Alisema Wajapani wamekaa kikao wakaona kila taifa lina namna yake ya kulia, kwa hiyo Wakenya wana mwisho wao, Wakongo wana wao, Wahindi wana wao wenye nyimbo ndani, na sisi wa kwetu bado unapikwa. "Mwisho wa Tanzania haujatoka, sha," alinambia, "wanangoja kibali." Neno kibali ndilo lililonimaliza. Kitu kinachongoja kibali hakiwezi kuwa uongo.

Aibu yangu yote ilianzia hapo, na naisimulia leo kwa sababu Kasulu nzima wanaijua tayari, waliobaki ni nyinyi.

Kwa ambaye hakuwepo duniani siku hizo, katuni yenyewe inahusu watu wa mwisho waliobaki, wamejifungia ndani ya ngome ya mawe, na nje kuna majitu marefu kama minara ya simu yanayokula watu kama sisi tunavyokula kumbikumbi. Juu ya ukuta anakaa kijana mmoja, kazi yake ni kupiga pembe majitu yakija, basi. Mji mzima ulikuwa umeshikwa. Mabodaboda walichora majitu kwenye vizuia matope, kinyozi alibandika moja ukutani lenye meno ya kutosha kusaga magunia kumi ya muhogo (mimi nilinyolewa pale nikiwa nimefumba macho), na ukikutana na mtu hata msibani alikuuliza kwanza umefika sehemu ya ngapi ndipo akupe pole.

Mimi sikuwa na hata mtu wa kuniuliza nimefika wapi. Kwetu ni Kibondo, nilikuja Kasulu kuuza misumari na mabati kwenye duka la mtu, nikapanga chumba kimoja, na kilichoniokoa ni yale masomo ya jioni. Pale nilikuwa na watu. Tulikuwa watu wazima kumi na nane tunaogombania chaki kama watoto, tunacheka, tunanunuliana karanga, na nikajisomea kwa bidii kama mwehu, na nikafaulu. Siku ya matokeo nilirukaruka dukani mpaka ndoo ya rangi ikamwagika. Hakuna aliyenionya kwamba ukifaulu unaondoka! Darasa likaisha, kila mtu akashika njia yake, Majaliwa akahamia Kahama, na mimi nikabaki na cheti ukutani. Nikawa nafunga duka, narudi chumbani, nasalimia ndoo, ndoo inanyamaza, nasonga ugali wa mtu mmoja na nusu endapo mtu atabisha hodi, kisha ile nusu naila mwenyewe asubuhi ikiwa baridi. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana ibada ikiisha kila mtu ana kwao.

Ndiyo sababu nikawa naenda kwenye banda la video la Baba Neema Jumapili mchana. Siyo kwa ajili ya video, kusema kweli. Kwa ajili ya mabenchi. Benchi la Baba Neema linakaliwa na watu sita wakati limetengenezwa kwa wanne, na mtu mwenye upweke hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa siku moja Baba Neema akaleta flashi aliyoipata kwa mtu wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, ina majitu yote kuanzia mwanzo, picha safi kama kioo. Tumekaa, tumetulia, kumbe hakuna yule mtafsiri tuliyemzoea, anayeongea Kiswahili juu ya sauti za wazungu. Ni Kijapani kitupu, na chini maandishi ya Kifaransa. Watu wakaguna. Wakaanza kusimama. Benchi langu likapungua, akatoka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nikaanza kuhisi upepo upande wa kushoto, na mbele yangu nikaona mchana wote ulivyo mrefu, na ile ndoo.

Nikanyoosha mkono. Huo mkono, jamaa zangu, ningeweza kuukata siku ile nikauacha pale.

"Mimi naweza kutafsiri," nikasema.

"Wewe?" Baba Neema akashangaa. "Kijapani?"

Kabla sijajibu, Mzee Bukuru seremala akanitetea. "Yewe, mwacheni! Huyu ndiye anayetafsiri kanisani."

Na kweli, kanisani natafsiri. Wahubiri wakija kutoka Burundi mimi ndiye ninayesimama pembeni yao kugeuza Kirundi kuwa Kiswahili, kazi rahisi kwangu maana nyumbani kwetu tunaongea Kiha, na babu na bibi walikuja na Kirundi chao kutoka ng'ambo. Mhubiri akiinua mkono nami nainua, akipiga magoti napiga, akilia nalia, tena wakati mwingine nalia vizuri kumzidi. Watu walikuwa wameniona. Hakuna aliyejiuliza kama Kirundi na Kijapani vinahusiana, na mimi sikuwakumbusha.

Basi nikasimama kando ya televisheni kama ninavyosimama kando ya mhubiri. Jitu likinguruma nami nanguruma. Mkuu wa ngome akifoka nafoka na kidole hewani. Maandishi yale ya Kifaransa nilikuwa nayaangalia kwa jicho la msomi, nikiona neno linalofanana na Kiingereza nashukuru, nisipoliona natunga. Nikawapa wale watu maneno ambayo Wajapani hawajawahi kuyaota. Jitu moja nililipa uchu wa migebuka, samaki wa ziwani kwetu. Na yule kijana wa pembe, sijui kwa nini, nilimpenda, basi kila alipofungua mdomo nikamfanya anakaribisha watu: "Karibuni jamani, pandeni huku juu, chakula kiko tayari!" Banda likavunjika kwa vicheko. Watu elfu mbili walikuwa wanacheka (sawa, hamsini).

Tulipotoka Mzee Bukuru akanishika bega. "Mwalimu, leo unakula kwangu."

Nilikula kwake. Ugali wa muhogo, maharage, watoto wake wakiniuliza jitu lile linalala wapi, mke wake akiniongezea mboga bila kuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kula na watu tangu darasa life. Jumapili iliyofuata akanichukua mtu mwingine, na iliyofuata mwingine. Wiki nzima nauza misumari, nikipita sokoni naitwa Mwalimu, na kila anayeniuliza inaishaje namjibu kwa sauti ya mtu wa ndani: "Tulieni, mwisho wa Tanzania bado."

Jumapili ya tano Baba Neema akatangaza kwa spika kwamba leo ni mwisho wenyewe. Nikamvuta pembeni. "Mwisho wa nchi gani?" Akanitazama. "Wa nchi gani tena? Wa hapa." Nikafurahi, kibali kimetoka!

Banda lilijaa watu mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mbele kabisa alikaa mama mmoja na vifurushi vyake viwili, nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba anaitwa Mama Furaha, Mkongo wa Nyarugusu, ametoka na kibali cha siku moja kuja kununua vitambaa, na anapumzisha miguu akingoja gari la kurudi kambini. Nikamkaribisha kwa mkono kama askofu.

Tukaanza. Mwanzoni Mama Furaha alikuwa anacheka ndani ya kitenge chake. Kisha akaacha kucheka, akawa anaangalia maandishi, ananiangalia mimi, anaangalia maandishi. Ikafika mahali kijana wa pembe amepiga magoti mbele ya rundo la mawe, kichwa kimeinama. Mimi, kwa furaha yote, nikatangaza, "Anasema, karibuni jamani, chakula kiko tayari!"

"Papa, hapana," Mama Furaha akasema. Hakupaza sauti. "Haiko vile. Ule kijana analilia mama yake. Banaandika hapa chini na Kifaransa: 'Mama, nimebakia miye mwenyewe.'"

Hata jenereta, nadhani, lilipunguza sauti lisikie.

Hapo ningesema, jamani nisameheni, sijui. Maneno matatu tu. Lakini niliwaona wote wananitazama, niliona sahani za Jumapili zinaondoka moja moja, na kichwani mwangu ikawaka taa ya Majaliwa: Kifaransa! Kumbe wametuletea mwisho wa Kongo! Nikamnyooshea kidole yule mama.

"Mama, huo unaosoma ni mwisho wenu wa Kongo. Mambo ya kambini yamalizieni kambini. Hapa tunatafsiri wa Tanzania."

Wengine wakapiga makofi. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwambie, Mwalimu! Wageni hawa!" Mama Furaha aliinamisha macho, akaanza kuvuta vifurushi vyake karibu na miguu.

Nayaeleza mengine yote kwa kicheko, hili siwezi. Maneno yale nayajua. Baba yangu aliyaambiwa Kibondo kwenye foleni ya kisima nikiwa nimeshika ndoo nyuma yake, na uraia wake alikuwa nao mfukoni. Siku hiyo niliapa nikikua sitamwambia mtu maneno hayo, na sasa nilikuwa nimeyasema kwa sababu ya katuni.

Aliyesimama ni Mzee Bukuru. "Keti, mama, hakuna anayeondoka. Tutawajaribu wote wawili. Baba Neema, rudisha picha nyuma kidogo. Mwalimu, sema wewe kwanza."

Mkuu wa ngome akafungua mdomo. "Anasema, kimbieni!" nikasema.

"Anasema, fungeni mlango," akasema Mama Furaha.

Pale kwenye picha watu wakafunga mlango.

"Bahati!" nikasema. Picha ikaendelea, mwanamke mmoja akaongea. "Anasema, anampenda."

"Anasema, munipe maji."

Akapewa maji. Akayanywa yote, tena taratibu, nadhani kwa makusudi ya kuniumiza.

Mara ya tatu sikumaliza hata sentensi, banda lilishaanguka. Watu walicheka wakalaliana, mmoja akatoka nje kabisa akacheka barabarani, na yule wa nyuma aliyenishangilia ndiye aliyecheka kuliko wote, huku akiiga ninavyonguruma. Mzee Bukuru peke yake hakucheka. "Keti, Mwalimu," akasema polepole, na ule upole ndio ulionipiga.

Wakamwomba Mama Furaha aendelee. Akakataa, wakambembeleza, akakubali, akatafsiri palepale alipokaa kwa Kiswahili chake cha Kongo, bila kunguruma, bila mikono, na banda zima likanyamaza kama kanisa. Kwa mara ya kwanza nikaielewa ile katuni. Majitu yanaisha. Lango linafunguliwa, watu wanatoka kwenda kulima mashamba yao, wanajenga nyumba mbalimbali, wanaimba. Na kijana wa pembe anabaki juu ya ukuta bila kazi, maana hakuna tena jitu la kupigia pembe. Anapuliza mara moja, kujaribu tu. Huko chini hakuna anayeinua kichwa.

Kwa Jumapili nne nilikuwa nimemfanya huyo mtu anakaribisha watu chakula.

Watu walitoka wawili wawili wakiongea habari za mwisho ule. Siku hiyo hakuna aliyesema leo unakula kwangu, na sikulaumu mtu. Nikaapa hapohapo, nimekalia benchi la watu sita peke yangu, kwamba nisichokijua nitasema sikijui, hata kama benchi litabaki hivyo hivyo mpaka nizeeke, na kiapo hicho nimekishika (mteja akiniuliza bati hili litakaa miaka mingapi nasema sijui, na bosi wangu hapendi).

Mama Furaha alikuwa anafunga vifurushi. Nikamfuata, nikavibeba vyote viwili mpaka linaposimama gari, hakunizuia. Tulipofika nikamwambia, "Mama, yale maneno ya kambini, naomba unisamehe. Hata sisi kwetu tulikuja."

"Niliona vile," akasema. "Ulikuwa unaogopa. Imeisha, papa."

Gari lilikuwa bado halijajaa. Nikasimama pale na mikono mitupu, na kwa kuwa kulikuwa na jambo moja bado linanisumbua, na nilikuwa nimeapa kutojifanya najua nisichokijua, nikauliza.

"Sasa mama, huu tuliouona ni wa kwenu Kongo. Wa Tanzania umesikia utatoka lini?"

Alitazama uso wangu kuona kama ninatania. Aliposhiba kuutazama, akaniwekea mkono begani.

"Mwisho iko moja tu, papa. Ya dunia yote. Ilitoka kitambo, batu balisha kuiona, balisha kuisahau."