Habari ya Kichwa, ya Tumbo, ya Usingizi

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo sijawahi kukusimulia mpaka mwisho. Umezoea kuisikia nusu: kwamba mama yako alikwenda Nepali kupanda mlima wa theluji, akafika mahali hewa ikamshinda, akarudi. Ni kweli, ila ni kweli iliyokunjwa kama shuka, upande wenye doa ukiwa ndani. Leo nitaikunjua, kwa sababu vitu vyako vya safari vimetandazwa sebuleni kwetu hapa Midrand, nimeviruka mara tatu nikienda jikoni, na mwezi ujao utakuwa kwenye mlima uleule.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, karani wa benki mjini, mwaka wangu wa nne Johannesburg tangu nitoke Taita. Nilipanga chumba Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba sita na bafu moja. Chumba cha pili kilikuwa cha Zawadi, fundi cherehani kutoka Bukavu, huyu unayemwita Auntie Zawadi. Alinizidi kwa mengi, ila nilimtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja, na kwa mwaka huo mmoja akaniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

Jumamosi nilikuwa nikitembea milima ya Magaliesberg na kikundi cha watu wa kazini. Nikampeleka Zawadi mara moja, akapenda kuliko sisi sote. Kikundi kilipoamua kwenda kupanda Mera, huo mlima wa Nepali, mimi nililipa kwa mshahara, yeye alilipa kwa sindano. Miaka miwili alitushonea mikoba, akabadilisha zipu za mahema, akaziba makoti yaliyovuja manyoya, hadi wakakubaliana kwamba malipo yake yametimia. Juu ya cherehani yake, pale mafundi wengine hubandika bei, alibandika picha ya kile kilele.

Mera ni mrefu kuliko Kilimanjaro, lakini waongozaji huwapeleka hata wanaoanza. Njia yake ya juu ni uwanda wa barafu unaopanda taratibu. Anayeweza kutembea saa nyingi, na kusikia anachoambiwa, ana nafasi ya kufika. Hilo la pili ndilo lililonishinda.

Tulikuwa wapandaji wanne, waongozaji wawili na mpishi. Mkubwa wa waongozaji aliitwa Pasang, mzee wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mashavu yaliyochomwa na jua la theluji. Kila asubuhi alikuja hemani mwetu na birika la chai, akachuchumaa mlangoni, akauliza kwa Kiingereza chake kifupi: umeamkaje? Kichwa? Tumbo? Usingizi? Kisha akakutazama usoni mpaka ujibu.

Sasa mwanangu, wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo nikueleze jinsi tulivyolelewa. Kwetu mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama kuna msiba, nzuri hutangulia. Mgeni huketi, hupewa maji, ndipo aseme, "Nzuri, ila baba ametutoka." Mama yangu alinichapa siku moja kwa kumjibu jirani, "Habari mbaya, naumwa jino." Akaniambia jirani amekuletea salamu, wewe unamtwisha jino lako mlangoni? Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu vizuri sana, na bado ulimwengu ukaniwekea somo la ziada.

Siku tano za kwanza nilimjibu Pasang "niko sawa," na nilikuwa sawa kweli. Tulipita misitu yenye ukungu uliofanana na ule wa kwetu Taita, tukavuka madaraja ya kamba, tukala viazi na dengu. Jioni nilikuwa nikiandika kwenye daftari: tumetembea saa ngapi, nani amechoka, nani amecheka. Ninalo hadi leo. Siku ya sita nimeandika maneno mawili tu: kichwa kinagonga.

Asubuhi ya saba Pasang akauliza. Nikajibu niko sawa. Siku hiyo chakula kilinikataa. Wenyeji wa kule hupika supu ya vitunguu saumu kwa ajili ya wapandao, na Pasang alikuwa akitazama mabakuli kama mwalimu anavyokagua madaftari. Akigeuka, namimina yangu kwenye bakuli la Zawadi. Yeye akadhani ni ukarimu.

"Aksanti, yaya," akasema. "Ukiendelea hivi nitafika juu nimenenepa."

Asubuhi ya nane, niko sawa. Asubuhi ya tisa tulikuwa kambi ya mwisho, juu ya miamba iliyozungukwa na barafu, na wakati huo nilikuwa nimetapika mara mbili nyuma ya jiwe. Zawadi akanikazia macho wakati nafunga buti.

"Yaya, sema kweli. Kichwa inakuuma?"

"Ah, ni uchovu tu. Mzee mwenyewe ameniuliza, nimemwambia niko sawa."

Angalia jinsi uongo wa kwanza unavyogeuka ushahidi wa uongo wa pili. Nami sikuona kwamba nadanganya. Niliona kwamba nina adabu, kwamba mimi ndiye mkubwa, na mkubwa halalamiki mbele ya mdogo wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu, lakini nilidhani ni ya watu wenye kifua kikuu.

Tukaondoka siku hiyohiyo kabla ya alfajiri, kamba mbili, kila mwongozaji na wapandaji wake wawili. Wale wenzetu wakatangulia. Kamba yetu Pasang aliiongoza, mimi nikawa katikati, Zawadi nyuma. Tulivaa makucha ya chuma chini ya buti ili yashike barafu. Kamba ile si mapambo. Barafu ina nyufa zilizofunikwa na theluji. Mmoja akizama, wengine ndio wanaomshika. Uzito wako uko mikononi mwa mwenzako, na wake mwako.

Jua lilipochomoza nilianza kuona kamba mbili mbele yangu badala ya moja. Nikakanyaga suruali yangu mwenyewe kwa yale makucha, nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena upande uleule. Pasang akarudi, akapiga magoti, akaninyooshea kidole akisema nikiguse. Nikagusa hewa.

Kilele kilikuwa pale, mwanangu. Cheupe, kimetulia, kama mwendo wa kutoka Bellevue hadi mjini kwa miguu. Wenzetu walikuwa vitone viwili vitatu karibu na juu, mbali mno kuitwa. Pasang alipaswa kunishusha, tena upesi. Na mtu mmoja habaki peke yake kwenye barafu. Zawadi naye alikuwa lazima ashuke.

Pasang hakupaza sauti. Aliongea huku akifupisha kamba ili anishike karibu, na maneno yake nayaweka hapa kwa lugha yetu kadiri ninavyoyakumbuka.

"Asubuhi tatu nimekuuliza. Asubuhi tatu umenijibu uko sawa. Unadhani nakusalimu? Nakuuliza ili nijue namfunga nani kwenye kamba yangu."

Ila neno la Zawadi ndilo lililoniumiza zaidi, kwa jinsi alivyolisema taratibu, akitazama kilele, bila kunitazama mimi.

"Ungenieleza nilipokuuliza, yaya. Ungebaki kambini na mpishi, unakunywa chai. Mimi ningejifunga na wale wengine."

Basi. Miaka miwili ya sindano ikageuka nyuma pale, akashuka hatua kwa hatua, mkono wake umeshika mkanda wa kiuno changu nisianguke. Ningesema neno moja kambini, yeye angefika. Ugonjwa haukuwa kosa langu. Urefu ule humwangusha yeyote, kijana kwa mzee, shujaa kwa mwoga. Kosa langu lilikuwa jibu.

Tulivyozidi kushuka kichwa kilipungua, na siku ya pili yake, katika nyumba ya wageni bondeni, niliamka na njaa kali. Nikamsikia Pasang mlangoni na birika lake. Akauliza umeamkaje. Kinywa changu, bila kunitaka ushauri, kikasema, "Niko sawa." Akalirudisha birika chini. Hakunimiminia.

"Kichwa?" akauliza.

"Kinauma kidogo upande wa nyuma."

"Tumbo?"

"Lina njaa."

"Usingizi?"

"Nililia kwanza, kisha nikalala."

Ndipo akamimina chai, akajaza mpaka ukingoni, akaweka sukari nyingi. Kwenye kitanda cha pili, Zawadi, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu barafuni, akaanza kucheka ndani ya mfuko wake wa kulalia. Akacheka hadi mfuko ukatikisika. "Bwana Pasang," akasema, "huyu yaya yangu anafundishwa kusalimu kama mtoto ya chekechea!" Nami nikacheka, nikalia, nikamwomba msamaha nikiwa nimeshika kikombe. Akasema amenisamehe, ila mlima ule bado ni wake na ataurudia. Kujikwaa si kuanguka, wahenga walisema, bali ni kwenda mbele. Yeye hakuanguka wala kujikwaa. Mimi ndiye niliyejikwaa, yeye akadondosha mzigo.

Tangu hapo hajawahi kuniuliza habari kama watu wengine. Umemsikia mwenyewe kwenye simu miaka yote hii, ukidhani ni Kiswahili cha Kongo: "Yaya, habari ya kichwa? Ya tumbo? Ya usingizi? Haya, sasa habari." Si cha Kongo, ni cha Pasang. Kwa salamu hiyo nilimwambia kwanza, kabla ya mtu yeyote, kwamba benki imenipunguza kazi. Kwa salamu hiyo aliniambia kwamba mumewe ameondoka na cherehani ya pili. Sikumbuki hata mara moja ambapo tulichelewa kusaidiana.

Kwa nini nakusimulia leo? Kwa sababu Jumamosi iliyopita ulirudi kutoka mazoezini Magaliesberg, ukapita mlangoni ukichechemea. Nikakuuliza safari ilikuwaje. Ukajibu, "Sharp, Mama," ukaingia chumbani. Nikaona soksi ndani ya beseni, maji yamekuwa mekundu. Hukulelewa Taita, hukuchapwa kwa ajili ya jino, na bado umeipata ile nzuri yetu, umeivalisha tu nguo za Joburg. Nilipokuuliza tena ukasema, "Eish, Mama, it's nothing." Ndipo nikapeleka mkoba wako Bellevue ukarekebishwe mikanda.

Huko nikamkuta Zawadi na miwani puani, picha ya kilele ingali juu ya cherehani, imefifia hadi theluji imekuwa njano. Akanihoji kichwa, tumbo na usingizi, nami nikamweleza habari ya soksi. Akashona mkanda wote, akakata uzi. Kisha akavuta droo akanionyesha karatasi ya safari, kundi lako, tarehe zako, jina lake. Daktari amempima mapafu na moyo, akamruhusu. Miaka hamsini na minane, mwanangu, na kila asubuhi amekuwa akipanda na kushuka ngazi za jengo lao akiwa na gunia la vitambaa mgongoni, majirani wakidhani anahama.

"Magoti yako yaliisha, yaya, yangu bado," akaniambia. "Nilikiacha kilele kwa ajili ya mama, siwezi kukiacha tena kwa ajili ya mtoto. Mwambie ajifunge na mimi."

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Nadhani hawakumjua Zawadi. Yeye na mlima wake watakutana.

Jana nilikuandalia chai, nikachuchumaa mlangoni pa chumba chako, kwa shida, nikakuuliza kichwa, tumbo, usingizi. Ulinitazama kama nimechanganyikiwa. Lakini ulijibu. Ulisema kisigino cha kushoto kimechubuka hadi nyama. Ulisema hulali vizuri. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu ukiwa shule ya msingi, ukasema unaogopa. Wewe uliona uso wangu ukikunjuka, ukadhani sijakusikia. Nilikusikia, mwanangu. Sijapata kufurahi hivyo kwa habari mbaya.

Basi shika hili. Adabu ya salamu ni njema, usiitupe. Mpe nzuri yako jirani, mpe mlinzi wa geti, mpe mtu wa duka la spaza. Lakini yule aliyefungwa nawe kwenye kamba moja, awe mwongozaji, rafiki, au mume utakayempata, huyo hakusalimu. Anakuuliza, na jibu lako ndilo atakalokanyagia. Ukiumwa, sema ukiwa bado kambini, maana huko neno lako linagharimu kikombe cha chai tu. Barafuni litagharimu safari ya mtu mwingine. Na ukiambiwa urudi, rudi, mlima hautahama. Auntie Zawadi ameungoja kwa subira, nao ukamngoja.

Nenda, binti yangu. Mungu wa vilima vya Taita awe Mungu wa vilima vile pia. Akuimarishie nyayo, akufungulie kifua, akupe hewa ya kukutosha wewe na ya kumwitia mwenzio. Akutangulie kwenye kila ufa uliofunikwa. Mfike wawili, au mrudi wawili, vyote kwangu ni baraka. Na utakaponipigia simu kutoka kule, usinianzie na "sharp." Anza na kisigino.